Makala za safari ya Ulaya na watoto zianzie Kigoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nina neno kwa waandishi wa makala za safari, na kupitia kwao nawafikia kina mama wenzangu wa mikoa ya pembezoni.

Hivi karibuni mlichapa makala kuhusu familia kwenda kupumzika Hispania wakati wa kiangazi cha huko. Niliisoma kwa makini, maana safari hiyo ndiyo ninayoipanga, Mungu akijalia, kwa likizo ya shule ya Juni. Picha zilikuwa nzuri. Lakini makala ilianzia uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ikapita kwenye makanisa na majumba ya kifalme, ikaishia hapo. Hapakuwa na mahali palipoelezwa mtoto atalala saa ngapi, atakula nini, akishikwa homa apelekwe wapi. Wala hapakuwa na neno kwa mtu anayeanzia huku kwetu, ambaye kabla ya kuuona uwanja wa Dar es Salaam ameshavuka nchi nzima.

Mimi nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mdogo wangu wa kiume anaishi Valencia, mji wa tatu kwa ukubwa Hispania, naye ametuita. Nitakwenda na watoto watatu: binti wa miaka 11, mvulana wa miaka 7 na kitinda mimba wa miaka 4. Baba yao anabaki kumwangalia mama yake. Tangu tuanze kupanga nimeuliza sana, nimesoma, nimemsumbua mdogo wangu kwa simu za usiku, na nimefikia msimamo mmoja: safari ya familia ipangwe kwa kumfuata mtoto mdogo kuliko wote. Akichoka yule wa miaka minne, wote tumechoka. Akilala vizuri, wote tumepumzika.

Nianze na mwezi, kwa sababu hapo sisi Watanzania tuna bahati ambayo sijaona gazeti likiitaja. Watu wa Ulaya wenyewe husafiri zaidi Julai na Agosti, na Hispania shule hufungwa wiki ya tatu au ya nne ya Juni. Shule zetu hufungwa mwanzoni mwa Juni hadi mwanzoni mwa Julai. Maana yake mtoto wa Kitanzania anaweza kufika na kuzunguka kabla msongamano haujaanza, kabla nyumba za kupanga hazijapandishwa bei, na kabla joto halijafika kilele. Kwa sisi wa dagaa kuna jambo la pili. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kipindi kama hicho mwenye biashara yangu anapata nafasi, ingawa mfuko nao unakauka, kwa hiyo fedha ya safari lazima iwe imewekwa kando mapema.

Kisha mji. Wengi wakisikia Hispania wanawaza Madrid na Barcelona, na makala yenu iliisifu sana Sevilla. Sevilla ni mji wa historia kubwa, sibishi. Lakini Juni wastani wa joto la mchana huko hupita nyuzi 32, na Julai na Agosti hufika 36. Kumtembeza mtoto wa miaka minne mtaani kwenye joto hilo ni kumtesa. Madrid haina bahari. Barcelona inayo, ila inapokea wageni wengi mno, na sehemu zake maarufu kama kanisa la Sagrada Familia zinataka tiketi zilizonunuliwa siku nyingi kabla. Valencia iko kando ya bahari ya Mediterania, Juni joto lake la mchana ni kama nyuzi 27 au 28, mji wenyewe ni tambarare, na kutoka katikati ya mji hadi ufukwe wa Malvarrosa unakwenda kwa tramu, treni ndogo ya mitaani. Hata kama mdogo wangu asingekuwa huko, ningeuchagua.

Jambo lililonishughulisha kuliko yote ni jua. Kigoma mwezi wa sita jua huzama karibu saa moja, na watoto wangu wamezoea: adhana ya Magharibi, kuoga, kula, kulala. Valencia mwezi huohuo jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Someni tena hapo, kina mama: saa tatu na nusu. Mdogo wangu anasema watoto wa huko wanacheza uwanjani wakati ambao wa kwangu huwa wanakoroma, na familia hukaa kwenye chakula cha usiku saa tatu au saa nne. Kwa sisi tunaoswali, Isha inasogea mpaka baada ya saa tano. Mama asiyeandaliwa kwa hili atamlazimisha mtoto kulala kukiwa kweupe, mtoto atakataa, na asubuhi wote watakuwa wamechacha.

Lakini ukilielewa, jua hilohilo linakusaidia. Saa za Hispania katika kiangazi ziko nyuma yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo mwili wa mtoto hauhangaiki kama angekwenda Marekani. Nimepanga siku zetu hivi: asubuhi tunatoka mapema, tunafanya jambo moja kubwa, siyo mawili. Saa nane tunakula, maana ndiyo saa yao ya chakula cha mchana. Baada ya hapo tunarudi nyumbani, mapazia yanafungwa na kila mtu analala hadi saa kumi na moja. Wenyeji nao maduka mengi madogo huyafunga mchana, hivyo hatupotezi kitu. Jioni ndiyo ya watoto, na jioni ya huko ni ndefu kweli.

Jioni hizo tutazimalizia bustani ya Turia, na hapa naomba univumilie, Mhariri, maana ndicho kitu ninachotaka watoto wangu wakione kuliko vyote. Mto Turia ulikuwa unapita katikati ya Valencia. Oktoba 1957 ulifurika, ukaua watu wasiopungua 81 na kuharibu sehemu kubwa ya mji. Serikali ikaamua kuuhamisha mto wenyewe: wakachimba njia mpya upande wa kusini, nje ya mji, na bonde la zamani likabaki kavu. Mpango wa wakubwa ulikuwa kujenga barabara kuu humo. Wananchi wakakataa. Wakasema bonde la Turia ni letu na tunalitaka liwe la kijani. Walishikilia hivyo miaka, na mwaka 1986 bustani ikaanza kufunguliwa. Leo ni ukanda wa miti, viwanja vya mpira, njia za baiskeli na michezo ya watoto, urefu wa kilomita zipatazo tisa, na madaraja ya kale bado yako juu yake. Hakuna kiingilio.

Oktoba 2024 mafuriko makubwa yaliupiga tena mkoa ule na kuua watu zaidi ya 220, wengi wao katika miji midogo ya kusini. Mji wenyewe wa Valencia ulinusurika kwa kiasi kikubwa kwa sababu mto ulikuwa umeshahamishwa. Sisi wa Kigoma tunayajua maji yanapopanda. Tumeona ziwa likila fukwe na nyumba za jirani zetu miaka hii ya karibuni. Nataka binti yangu, ambaye ameanza kuuliza kwa nini watu wanahama, asimame chini ya daraja lisilo na mto aelezwe yote mawili: kwamba wako waliookolewa, na wako waliokuwa upande wa pili wa maji. Ana miaka 11, atanielewa.

Wadogo wao wataona jitu. Ndani ya bustani hiyo kuna uwanja wa Gulliver: mtu mkubwa amelala chali, urefu wa mita zipatazo 70, amefungwa kamba, na watoto hupanda juu ya mwili wake na kuteleza kwenye mikunjo ya koti lake. Ni bure pia. Niwaambie ukweli, kwa mtoto wa miaka minne hilo linashinda makanisa yote ya Hispania.

Kuna vya kulipia, nami nimechagua viwili tu. Cha kwanza ni Oceanogràfic, nyumba kubwa ya viumbe wa majini iliyofunguliwa mwaka 2003, inayohesabiwa kuwa kubwa kuliko zote Ulaya. Kuna papa wanaopita juu ya kichwa chako ukitembea kwenye njia ya kioo, na kuna nyangumi weupe wa bahari za baridi. Mtoto aliyekulia kando ya ziwa atauliza maswali mpaka jioni. Nitamweleza na hili, kwamba samaki wadogo wa rangi kutoka Ziwa Tanganyika wanafugwa kwenye matangi ya vioo majumbani mwa watu huko Ulaya, na watu wanawathamini sana. Cha pili ni makumbusho ya sayansi yaliyo jirani hapo, ambayo msimamo wake ni kwamba kutogusa ni marufuku. Kwa mama aliyezoea kusema "usiguse" kutwa nzima, hapo ni pahali pa kupumzika.

Mahali ambapo makala yenu ilipendekeza na mimi nimepafuta ni Bioparc, bustani ya wanyama wa Afrika. Simkatazi wa Dar es Salaam. Lakini mtoto wa Kigoma asiende kulipia kuona sokwe waliofungiwa Valencia ilhali boti za kwenda upande wa Gombe zinaondoka hapahapa Kibirizi, mbele ya meza yangu ya dagaa. Mtafiti Jane Goodall alitoka mbali akafika Gombe Julai 1960, na dunia nzima ikajifunza kutokana na sokwe wetu. Wangu nitawapeleka Gombe kwanza, kabla ya Hispania, ili wakifika huko na kuulizwa kwao wawe na la kusimulia.

Kitu kingine ambacho hakigharimu senti ni baraza la maji. Kila Alhamisi saa sita mchana, mbele ya mlango wa Mitume wa kanisa kuu la Valencia, watu waliochaguliwa na wakulima wa mifereji minane hukaa kwenye viti vyao wakiwa wamevaa mavazi meusi, wakaamua ugomvi wa maji ya kumwagilia. Kesi husikilizwa kwa mdomo na hukumu hutolewa palepale. UNESCO ililiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2009. Siku isiyo na kesi huwa ni dakika chache tu, kwa hiyo hata mdogo hawezi kuchoka.

Ufukweni nawaonya wenzangu wa ziwani. Watoto wetu wanajua kuogelea na ndiyo maana hawaogopi. Bahari ya kule ina chumvi, ina mikondo yake, na walinzi hupandisha bendera: ya kijani unaingia, ya njano unaingia kwa tahadhari, nyekundu huingii kabisa. Nimeshawafundisha rangi hizo tangu sasa. Usiku wa kuamkia Juni 24, sikukuu ya Mtakatifu Yohana, watu maelfu huwasha mioto ufukweni mpaka usiku wa manane. Mdogo wangu alitaka tuwemo. Nimemwambia aende yeye na binti mkubwa waangalie mwanzo kisha warudi. Moto, giza, umati na mtoto wa miaka minne havikai pamoja.

Chakula. Valencia ndiyo nyumbani kwa wali wa paella, na mpunga wake unalimwa karibu na mji, pembeni ya ziwa la Albufera. Paella ya wenyeji huwa na kuku na sungura, maharage na zafarani, na ni chakula cha mchana. Anayeiuza usiku kwa haraka anawauzia wageni. Mwislamu atataka kujua nyama imechinjwaje, na nguruwe yuko kwenye vyakula vingi kuliko unavyodhani, hata kwenye supu na vitafunwa. Jifunzeni maneno mawili, cerdo na jamón, muyaone kwenye menyu. Sisi tutapika nyumbani kwa mdogo wangu, na soko kuu la mji, Mercado Central, lina samaki wa kila namna. Hufunguliwa asubuhi, hufungwa saa tisa alasiri, na Jumapili haliko. Watoto watanywa horchata, kinywaji cheupe baridi kinachotengenezwa kwa viazi vidogo sana vya mmea wa jamii ya ndago unaolimwa Alboraya, jirani na mji. Huku tunang'oa ndago shambani kwa hasira.

Na mizigo ya zawadi, maana hakuna Mwafrika anayekwenda kwa ndugu mikono mitupu. Nyama na maziwa, pamoja na siagi na jibini, hairuhusiwi abiria kuingiza Ulaya kutoka kwetu, hata kipande. Maembe na mboga mbichi hutaka cheti cha afya ya mimea. Lakini samaki unaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, wakiwemo wakavu, na asali hadi kilo mbili. Dagaa wangu watafika.

Sasa homa, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Tunatoka mkoa wenye malaria. Mtoto anaweza kung'atwa na mbu hapa nyumbani, akasafiri akiwa mzima, kisha homa ikamkuta Valencia wiki ya pili. Daktari wa kule haoni malaria kila siku. Akiona mtoto ana homa na anatapika anaweza kufikiria mafua ya tumbo kwanza. Usisubiri aulize. Mwambie mlangoni: tumetoka Tanzania, eneo lenye malaria, naomba mtoto apimwe damu sasa hivi. Namba ya dharura Ulaya yote ni 112. Kama nafasi yenu ni ndogo, Mhariri, kateni mengine yote ya barua hii mbakize aya hii.

Nimalizie na karatasi, maana huku ndiko safari inakokufa. Kila mtoto anahitaji pasipoti yake mwenyewe, na ada ni Sh150,000 kwa kila moja. Bila cheti cha kuzaliwa cha RITA huanzi. Sisi wa mikoa ya mpakani tuwe tayari na vyeti au viapo vya wazazi wetu pia, tusije tukarudishwa nyumbani kutafuta karatasi ya bibi. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, ila unaweza kwenda hadi 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Kwangu ni euro 180 jumla, na hairudishwi viza ikikataliwa. Kila mmoja awe na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Aliyefikisha miaka 12 huchukuliwa alama za vidole, na ubalozi uko Dar es Salaam, kwa hiyo mama wa Kigoma ahesabu nauli ya kwenda na kurudi hata kabla ya tiketi ya ndege. Safari hiyo ya viza mimi nitakwenda kwa treni ya reli ya kati. Na watoto nitapanda ndege hadi Dar es Salaam, tupumzike kwa dada yangu, ndipo tupite Addis Ababa hadi Madrid. Kutoka Madrid kuna treni inayofika kilomita 300 kwa saa, chini ya saa mbili uko Valencia.

Mzazi mmoja akisafiri na watoto, wa pili atoe ridhaa ya maandishi mbele ya wakili. Mwenyeji naye asitume barua ya kawaida tu: Hispania ina barua rasmi ya mwaliko ambayo yeye huiomba polisi, na inachukua muda. Tena barua hiyo inathibitisha mahali pa kulala, haithibitishi fedha. Fedha mnaonyesha wenyewe, na kipimo chao ni asilimia 10 ya kima cha chini cha mshahara wa mwezi wa Hispania kwa kila mtu, kwa kila siku, mtoto akiwemo.

Yupo wakala hapa mjini aliyemwambia jirani yangu kwamba akimpa fedha atahakikisha viza inatoka. Jirani yangu ni mjane na fedha ile ilikuwa ya vikoba. Viza huamuliwa na ubalozi peke yake. Anayekuahidi matokeo anakuibia. Namwomba Mhariri hatua hizi zichapwe kwa kirefu, kwa Kiswahili, na zichapwe kabla ya Februari. Mtu wa Kigoma anayetaka kusafiri na watoto Juni akizisoma Aprili, ameshachelewa.

Msomaji wako,
Kibirizi, Kigoma